Mkia wa Mlio

Lamphun,
Mvua za kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila rohoni nina kichefuchefu ambacho hakijaniacha tangu sikukuu ilipokwisha. Natumai barua hii itakukuta salama huko Phayao, kifua kimeacha kukubana, na Mama Mdogo Buakhiao ameacha kukunywesha zile dawa zake za mizizi. Mpe shikamoo yangu, mwambie ngozi ya nyati ya kitoweo aliyoikausha imefika, na majirani waliinusa kabla mimi sijafungua kifurushi. Huku mvua zimeanza. Miti ya matunda ya lamyai ya nyuma ya nyumba imezaa hadi matawi yanainama, nimeyawekea miti ya kuyaegemeza kama ulivyonifundisha. Paka wako bado analala kwenye benchi la kitanda chako cha kufumia, na ukimwondoa anakutazama kama wewe ndiye uliyemkosea.

Sharti lako nalikumbuka. Ulisema nikuandikie habari zote za kijiji isipokuwa za mtu mmoja, na kwamba nikimtaja utaichoma barua bila kuimaliza. Nimelishika sharti hilo tangu ulipoondoka. Leo nalivunja, na ninakuomba usikae karibu na jiko mpaka ufike mwisho. Ukishafika mwisho, ichome ukitaka.

Siku ile sikuwapo, lakini umenisimulia mara nyingi hata naiona. Ulipigiwa simu kwamba Bibi amefariki. Ukakimbia peku hadi uani kwa hekalu, ukamkuta Baba ameinamia ngoma kuu, amekupa mgongo. Ukamwambia mama yako amekufa. Naye, bila kugeuza hata shingo, akakujibu, “Weka hapo, nitakula baadaye.” Ukaenda msibani huko Phayao peke yako. Mimi nilikukuta huko, tukakaa tunatengeneza maua ya kuweka juu ya kuni za kumchomea Bibi, ukaniambia kwamba mwanamume huyo umemaliza naye. Nilikuunga mkono. Nani asingekuunga mkono? Miaka mingi ulikuwa ukimsemesha wakati wa kula naye anatafuna tu. Ukimuuliza jambo la maana anasema “sawa, sawa”. Ukimlilia anainuka kwenda kulisha kuku. Nami tangu msiba ule nimeishi naye nyumba moja kama wapangaji wawili wasiojuana.

Sasa umeniagiza nikifungue kitanda chako cha kufumia, nikifunge kamba, nikipakie kwenye gari la mizigo la Mwenyekiti Thawin litakapokwenda Phayao. Nimekaa nacho nakitazama. Mwanamke wa hapa akihamisha nguo anaweza kurudi, lakini akihamisha kitanda cha kufumia amehama, na hata watoto wanalijua hilo. Kwa hiyo kabla sijagusa kamba, nisikilize.

Nianze na uchafu wenyewe, kwa sababu bila huo nisingelijua hili ninalotaka kukwambia. Kabla ya sikukuu ya kuosha masalia matakatifu ya Buddha, kamati ya sikukuu iliniita ikanitaka nitunge mchezo mpya wa jadi utokane na ngoma kuu za mahekalu yetu, wasichana wangu wa shule waucheze mbele ya wageni wa mkoa. Mama, nilitoka pale nikitembea huku nacheka peke yangu. Nimekulia pembeni mwa ngoma ile. Mchezo huo nilikuwa nao mwilini siku nyingi, nilichokosa ni mtu wa kuniuliza.

Nikautunga hivi. Wasichana wanaingia wakivuta kamba isiyokuwepo, wameinama, kama vijana wanavyovuta mkokoteni wa ngoma kwenda mashindanoni. Wanakaa chini, wanaponda wali wa kunata na majivu, wanafinyanga lile donge la kubandika katikati ya ngozi ili ngoma ipate mlio wake. Wanabandika, wanagonga kwa kidole, wanatega sikio, wanabandua kidogo, wanatega sikio tena. Kisha kila mmoja anajifunga kitambaa mkononi, polepole, mpaka ngumi inakuwa ngumu. Halafu wanapiga hewa pigo moja tu, na wote wanasimama kimya vichwa vimeinama, wanausubiri mkia. Wewe unajua ngoma zetu hazishindani kwa kishindo. Waamuzi wanakaa mbali, hawamwoni mpigaji, wanasikiliza ule mlio unaobaki ukivuma juu ya mashamba baada ya pigo, unavyokwenda na unavyokufa. Katika mchezo wangu hakuna aliyeruhusiwa kusogea mpaka mkia ufe. Wasichana wangu waliuelewa haraka kuliko nilivyotegemea, na nilijivuna.

Ndipo kamati ikamleta Bwana Phanuwat kutoka Bangkok, mtaalamu wa maonyesho. Alishuka garini na suruali nyeupe, ananukia duka zima la manukato, kila mwanamke anamwita mrembo, hata yule bibi anayefagia hekalu. Akatazama mchezo wangu mara moja, akapiga miayo bila kuziba mdomo. Akasema, “Mwalimu mrembo, hapa watu watalala. Wakisimama kimya hivyo, wageni watadhani umeme umekatika.” Wajumbe wa kamati wakacheka. Mmoja wao alikuwa amelia machozi juzi yake akiutazama mchezo huo huo, na sasa alicheka kuwazidi wote.

Kuanzia hapo kila siku nilikuwa nikila kinyaa kipya. Akaagiza ngoma ya plastiki, kubwa kuliko ya kweli, imepakwa dhahabu, ndani ina taa zinazobadilika rangi. Donge la wali na majivu akasema ni chafu, lina sura ya kinyesi cha mtoto, akabandika badala yake udongo wa kuchezea watoto uliopuliziwa dhahabu. Mlio wa ngoma akauleta kwenye kompyuta, sijui ni ngoma ya nchi gani, umechanganywa na muziki wa madisko. Wasichana wakabandikwa kope za kuwafanya wasione wanapokanyaga. Kisha akamchukua Rinlada, yule mwembamba mwenye shingo nzuri, akamwambia mwishoni apande juu ya ngoma asimame kwa mguu mmoja. Akanyage ngoma, Mama! Mimi mpaka leo sipiti mbele ya ngoma kuu bila kuinamisha kichwa, na mtoto niliyemfundisha kushika vidole vyake anaambiwa asimame juu yake kama kuku juu ya tenga. Rinlada aliniuliza kwa sauti ndogo kama hatapata laana. Kabla sijajibu Bwana Phanuwat akadakia, “Plastiki haina laana, mrembo. Panda.”

Na watu wetu je? Hao ndio walionichefua zaidi. Mwenyekiti Thawin alikuja na jamaa zake kupiga picha na ngoma ya plastiki, akaigongagonga tumbo akisema hii ndiyo ngoma, haili wali, haitaki kubebwa na kijiji kizima. Mkuu wa hekalu aliniuliza swali moja tu, kama jina la hekalu litaonekana kwenye televisheni. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Kila kitu kilikuwa na ladha ya ile rangi ya dhahabu.

Tumaini langu lote likawa kwa Baba. Ndiyo, huyo huyo. Nilijisemea kwamba pamoja na ubaya wake wote, kwa habari ya ngoma aliyoipiga maisha yake yote hana mzaha. Tulimwona akimfukuza mtu uani kwa kosa la kuiegemea tu. Kamati ilitaka akae nyuma ya ngoma ya plastiki na mkono wake umefungwa vitambaa, kompyuta ilie, yeye aigize anapiga. Nilikwenda mwenyewe kumweleza, nikamchorea hewani kila kitu, ngoma, moshi, msichana juu. Nilikuwa nangojea alipuke. Alinitazama usoni kwa makini, akatabasamu, akasema, “Sawa, sawa. Mashine ni nzuri. Mashine haikosei.”

Mama, sikujizuia. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwambia amenitia kinyaa, kwamba sasa ninaelewa kwa nini mke wake alimkimbia, kwamba ngoma ile ingekuwa na mdomo ingemtemea mate. Nilikuwa nimekwisha kumgeuzia kisogo nikiyasema hayo, nachukua viatu vyangu mlangoni. Nyuma yangu nikamsikia anamwita kuku.

Siku ya mazoezi ya mwisho uani kwa hekalu, nilikataa. Nikamwambia Bwana Phanuwat mbele ya kamati kwamba kama ngoma kuu ya kweli haitapigwa walau pigo moja mwanzoni, mimi nawachukua wasichana wangu tunakwenda nyumbani, na yeye apande kwenye plastiki yake mwenyewe kwa mguu mmoja. Akajifanya kucheka. Lakini wageni wa mkoa walikuwa wametuma ujumbe kwamba wanataka kuona kitu cha asili, kwa hiyo akakunja uso akakubali. Pigo moja tu, akasema, halafu kompyuta.

Nilidhani Baba atafurahi. Badala yake, Mwenyekiti Thawin alipomfafanulia kwa kuonyesha ngoma kuu na kumwonyesha ngumi, Baba alibadilika rangi. Akasema ngozi ina unyevu. Akasema mkono unamuuma. Akasema plastiki inatosha, kwa nini tunaisumbua ngoma ya watu. Nikasema moyoni, tazama uvivu wa mzee huyu, wamemnunua kwa sifa za televisheni. Watu wakaanza kumtania. Mmoja akapaza sauti, “Mzee Kaeomun, au mkono umebaki wa kushikia kijiko tu?” Wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, akiwa amechelewa kidogo. Sikulitilia maanani.

Akashindwa kukwepa. Tukaiweka sinia ya maua na mishumaa mbele ya ngoma, akasujudu, akajifunga kitambaa. Kisha akachukua donge, akalibandika katikati ya ngozi, akalisambaza kwa kidole gumba. Akagonga kwa kidole. Akaongeza. Akagonga. Akaongeza tena, mpaka mimi niliyesimama mbali nikaona limekuwa zito mno. Akavuta mkono nyuma, akapiga.

Mlio wake, Mama, ulikuwa kama godoro lililolowa likianguka sakafuni. Hakukuwa na mkia. Bwana Phanuwat akapasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata, wengine wameziba midomo kwa aibu. Nami nilikuwa nikimtazama Baba. Alikuwa ameinua kidevu juu, macho ameyafumba nusu, uso umetulia, kama alivyokuwa akifanya zamani mlio wake ulipokuwa ukivuka mto Kuang. Alikuwa anausubiri mkia ufe. Alisubiri muda wote unaostahili mkia mzuri, kisha akafumbua macho akatutazama, tayari kusifiwa.

Sikuweza kuwatazama tena watu wale. Waliondoka kwenda kula, wakamwacha Baba ameinamia ngoma anabandua donge. Jua lilikuwa utosini, saa ile ile uliyokuwa ukimpelekea chakula. Nikaenda nikasimama nyuma yake, pale pale ulipokuwa ukisimama wewe, kivuli changu kikaangukia ubavuni mwa ngoma. Unisamehe kwa nililosema, Mama, nimekwisha kuwasha ubani mara nyingi kuomba lisitimie, lakini nilitaka kujua, na sikuona njia nyingine. Nilisema kwa sauti kubwa, wazi kabisa, “Baba, Mama amekufa huko Phayao.”

Akasema, bila kugeuza hata shingo, “Weka hapo, nitakula baadaye.”

Nilikaa chini mchangani. Naye akaona kivuli kimetoweka, akageuka, akanikuta nimekaa hivyo nalia, akaniuliza nimeangukaje.

Baba hasikii, Mama. Hasikii kitu. Nilimpeleka nyumbani nikachukua ule ubao mdogo ninaofundishia, nikamwandikia kwa chaki, Tangu lini? Alikataa kwanza, akasema nina wazimu, akasema masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nikageuka nikasema kitu huku nimempa kisogo, nikamgeukia tena nikamwandikia, Nimesema nini? Hapo akakaa chini. Kisha akaeleza yote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akizungumza kwa muda mrefu. Sikio la kushoto lilikufa zamani, la upande wa ngozi. La kulia lilikuwa likififia kidogo kidogo, akadhani ni mafua, akadhani ni nta. Watu walipoanza kusema ngoma yetu imepoteza mkia kwa sababu ngozi imezeeka, aliwaacha waseme hivyo. Alijifunza kututazama midomo. Akiona tumenyamaza na tunamwangalia, anasema “sawa”. Akiona tunacheka, anacheka. Akiona kivuli mchana, anajua ni wewe na chakula. Alisema mpigaji asiyesikia hana tofauti na kuni, na hakutaka kijiji kijue, na zaidi hakutaka wewe ujue, kwa sababu uliolewa naye kwa ajili ya mlio ule. Alisema ulimwambia hivyo ulipokuwa msichana. Mimi hujawahi kunisimulia hilo.

Nikamwuliza kwa chaki kwa nini hakuja kwenye msiba wa Bibi. Akashangaa, na mshangao wake ulikuwa na uchungu ndani yake. Akasema, “Mama yako aliondoka bila kuniaga. Nilirudi nyumbani sikukuta mtu. Jirani aliongea, nikaambulia kwenye midomo na mikono yake tu kwamba mtu amekufa, nikaja kujua ni nani baada ya siku kupita. Nikasema kama hakunitaka msibani kwao, siwezi kujipeleka.” Amekaa na jambo hilo moyoni muda wote huu, Mama, kama wewe ulivyokaa na lako.

Basi nikamwandikia. Nilifikiri sana kama nimwandikie, chaki ikanilowa mkononi. Niliandika kwamba ulimwambia. Kwamba ulikimbia peku ukaenda ukamwambia, uani, nyuma yake. Akasoma, midomo yake ikitembea. Akaniuliza, “Nilijibu nini?” Nikatikisa kichwa sitaki. Akaniuliza tena akinishika mkono. Nikaandika yale maneno manne yake.

Aliyasoma. Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukijichukia namna ile. Akainua kiganja akayafuta, akaendelea kufuta ubao ukiwa umekwisha kuwa safi, akafuta na kufuta mpaka nikamnyang’anya. Na mimi kinyaa changu chote nilichokuwa nimewamwagia Bwana Phanuwat na Mwenyekiti na televisheni yao kikanirudia mwenyewe, mtu mwenye masikio mazima niliyekaa naye nyumba moja nisitambue.

Utaniuliza sikukuu iliishaje. Iliisha kwa kinyaa kama ilivyoanza, ila kulikuwa na jambo moja. Asubuhi ya siku yenyewe tulikwenda na Baba kwenye ngoma kabla watu hawajafika. Nikasimama mbele yake. Alibandika donge, akagonga, nami nikawa masikio yake, nikikunja vidole aongeze, nikivifungua apunguze. Ilituchukua muda, tukagombana, akaniita kichwa maji, akasema tangu lini mcheza ngoma akajua donge. Lakini tulifika. Nilipofumba mkono kumwambia hapo hapo, alibandika kiganja chake kwenye mti wa ngoma akaniomba nigonge mimi. Nikagonga. Akabaki na kiganja pale, na nikaona usoni mwake kwamba mkia ulikuwa ukipita.

Wageni walipokuja, Baba alipiga pigo lake moja. Ilikuwa ngoma yetu, Mama, ile ya zamani, nadhani iliwaamsha samaki mtoni. Wasichana wangu wakainamisha vichwa. Na Bwana Phanuwat, mkia haujafika hata lango la hekalu, akamkonyeza kijana wake, kompyuta ikabwata, moshi ukatoka, taa zikaanza kupepesa ndani ya ile takataka ya dhahabu. Nilitamani kumtapikia kwenye suruali yake nyeupe. Lakini tazama. Baba hakusikia muziki. Alikuwa amefumba macho, kiganja kiko juu ya mti wa ngoma, anaufuata mkia wake. Na wasichana wangu, nao wanasikia vizuri kabisa, hawakusogea. Walikuwa wanakitazama kiganja cha Baba kwa pembe za macho. Muziki ulipiga kelele peke yake, moshi ukawafunika hadi magotini, Bwana Phanuwat anawapungia mikono kama mtu anayefukuza ndege shambani, na wao wamesimama. Mkia ulipokufa Baba akainua kiganja. Hapo ndipo walipocheza. Rinlada hakupanda. Alifika kwenye ngoma ya plastiki, akapiga magoti mbele yake kwa adabu, akaipita.

Nimeambiwa mwaka ujao watatafuta mwalimu mwingine. Bwana Phanuwat alinifokea mbele ya watu kwamba nimemwaibisha, Mwenyekiti Thawin hanisalimii, na kwenye televisheni walionyesha ngoma ya plastiki tu. Nimewachoka wote, sitaki hata kuwasikia. Wanafunzi wangu ninao.

Sasa nakuomba jambo moja. Kitanda chako bado kimesimama pale pale, kamba ziko ukutani. Jana Baba alimhamisha paka, akakifuta vumbi, akatia mafuta kwenye kanyagio lile lililokuwa likikuudhi kwa kelele, ingawa yeye kelele hizo hazimhusu tena. Ametaka kuja Phayao kwa basi. Nimemzuia kwanza, kwa sababu ninyi wawili nawajua. Utamsemesha umempa mgongo, unaosha vyombo, naye atasema “sawa, sawa”, na hasira yako itaanza upya. Nimemwambia nitakuandikia, kisha ndipo aje.

Akifika, usimwulize habari za ngoma wala za masikio. Mkalishe mahali penye mwanga, kaa mbele yake akuone uso, na umwambie polepole kwamba mama yako amekufa. Nimemwambia mimi, kwa chaki, lakini anasema habari hiyo hajaambiwa, kwa sababu wa kumwambia ni wewe. Mwambie tena, Mama. Safari hii atajibu.

Wasalimie wote huko, Mama Mdogo na watoto wake, na mlinde kuku wangu yule mwekundu asije akaishia kwenye sufuria kabla sijaja. Hapa majirani wanakusalimu, hata wale uliogombana nao. Paka hasalimu mtu, unamjua. Nakuombea afya na usingizi mzuri, na miguu yako iwe na nguvu ya safari, ya kuja au ya kupokea.

Ni mimi binti yako,
Fongchan